Jinsi ya Kutengeneza Aiskrimu ya Matabaka Matatu

Watu wengi hudhani ya kuwa aiskrimu ni kitu cha dukani tu, na kwamba hakuna awezaye kuitengeneza ila mtu mwenye mashine kubwa na mafunzo ya hotelini. Dhana hiyo si ya kweli. Aiskrimu nzuri, tena ya matabaka matatu yenye rangi tatu mbalimbali, yaweza kutengenezwa katika jiko la nyumba ya kawaida bila ya mashine yoyote, mradi mtu awe na friza, au akikosa friza, awe na barafu na chumvi.

Hata hivyo, yako mambo mawili ambayo hapana budi kuyafahamu kwanza. La kwanza ni sababu ya kila hatua; maana asiyejua sababu hubadili jambo dogo tu, na kazi yake yote ikaharibika. La pili ni usalama wa chakula chenyewe. Maana chakula hiki kikishachanganywa hakipikwi tena, na baridi ya friza haiui vijidudu kama wengi wanavyodhani. Tutayaeleza yote mawili, pamoja na vipimo, kama tulivyofundishwa na mzee mmoja aliye rafiki wa nyumba yetu.

MZEE NA KIKOMBE CHAKE

Mzee huyo alikuwa mpishi mjini Mombasa kwa miaka mingi, na urafiki wake na baba yangu ulianza wakati walipokuwa majirani huko. Kila sikukuu kubwa ya nyumba yetu, ikiwa ni Krismasi, au harusi, au ubatizo, ilimalizika kwa sinia lake: chini kabisa biskuti zilizosagwa, juu yake tabaka la manjano la embe, kisha jeupe la nazi, na juu ya yote la kahawia la kakao. Sisi watoto tulikula kila mmoja kwa desturi yake. Mmoja alianza juu akateremka. Mwingine alichokoa embe kwanza, na kwa ajili hiyo akagombezwa.

Mapishi hayo hayakuandikwa popote. Mzee akiulizwa vipimo, jibu lake lilikuwa lile lile: "Vikombe vitatu vya krimu, kopo moja la maziwa matamu, na embe la kutosha." Basi nilipopata mtoto wangu wa kwanza, nikataka kuitengeneza aiskrimu hiyo kwa ubatizo wake, niliyafuata maneno hayo nikiamini kuwa yametosha. Ila niliona kopo zima la maziwa matamu limezidi, nikatia nusu. Tena kwa kuwa wageni walikuwa karibu kufika, niliyamimina matabaka yote matatu kwa mfululizo, bila ya kungoja.

Matokeo yake yalikuwa ya aibu. Rangi tatu zilikuwa zimechanganyika zikawa rangi moja kama ya maji ya mafuriko, na kisu hakikuweza kuingia. Wageni wetu walikunywa chai na mandazi, wakatushukuru kwa adabu.

Jumapili iliyofuata nilimwendea Mzee nyumbani kwake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Lakini aiskrimu yako imenishinda."

Nilimsimulia yote. Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Kikombe chako kina ukubwa gani?" Kisha akaagiza aletewe kikombe chake cha zamani, cha bati lililopakwa rangi nyeupe, kilichobanduka ukingoni. Nilikipima kwa maji: kilichukua mililita 200. Changu cha nyumbani kilichukua 300. Kwa hiyo krimu yangu ilikuwa imezidi kwa nusu, ilhali sukari ilikuwa imepungua kwa nusu, nami sikuwa na habari.

Siku hizi macho ya Mzee yameingia ukungu, hawezi tena kusimama jikoni peke yake. Basi siku ile yeye aliketi juu ya kigoda akaniongoza kwa maneno, mimi nikafanya kazi kwa mikono yangu, nikipima kila kitu kwa mizani kabla ya kukitumia na kuandika. Vipimo vinavyofuata hapa chini ni vya kikombe chake.

CHAKULA HIKI KILIANZA WAPI

Matabaka ya aiskrimu si jambo jipya. Mwaka 1839 mpishi wa jumba la kifalme la Prussia, aitwaye Louis Ferdinand Jungius, aliandika mapishi ya aiskrimu ya matabaka matatu, akaipa jina la Pückler, mtawala mmoja wa Ujerumani aliyesifika kwa safari zake na bustani zake. Mpaka leo Wajerumani huiita kwa jina hilo. Nchini Marekani aiskrimu ya rangi tatu ilipewa jina la mji wa Naples, kwa sababu watu wa mji huo wa Italia walijulikana sana kwa ustadi wao katika kazi hii.

Katika nyakati hizo barafu ilikuwa anasa ya matajiri. Mwaka 1833 mfanyabiashara mmoja wa Boston, aitwaye Frederic Tudor, alipeleka barafu iliyokatwa katika maziwa ya nchi yake mpaka Calcutta, India, kwa merikebu ya matanga, safari ya miezi minne, naye akaifikisha nyingi ingali imara. Mwaka 1843 mwanamke wa Philadelphia, Nancy Johnson, alipewa hataza ya mashine ndogo ya kutengenezea aiskrimu kwa kuzungusha mpini kwa mkono. Toka hapo chakula hiki kikaanza kuingia katika nyumba za watu wa kawaida.

VITU VINAVYOHITAJIWA

Vitu hivi vyatosha watu 12:

Krimu nzito, yaani malai, mililita 600. Iwe na mafuta asilimia 30 au zaidi. Isiyofikia kiasi hicho haiumuki hata ikipigwa mchana kutwa.
Maziwa mazito matamu ya kopo, gramu 390. Makopo hutofautiana, kwa hiyo yapimwe.
Maembe makubwa mawili au matatu yaliyoiva, yasiyo na nyuzi. Embe ngowe la pwani ndilo lipendwalo na Mzee.
Nazi kavu iliyokunwa, gramu 40.
Unga wa kakao, gramu 25.
Sukari, vijiko viwili vya mezani.
Biskuti za kawaida, gramu 200.
Siagi, gramu 90.
Maji ya ndimu, kijiko kimoja cha mezani.
Vanila, kijiko kimoja cha chai.

Tena pawe na chombo kirefu cha kuokea mkate, chenye nafasi ya lita mbili, na karatasi ya nailoni ya kufunikia vyakula.

KAZI YA KILA KITU

Huenda msomaji akauliza: kwa nini nisitie sukari kidogo, kama nisivyopenda utamu mwingi? Jibu ni kwamba sukari katika aiskrimu haikutiwa kwa ajili ya utamu peke yake. Maji matupu huganda yakifika digrii sifuri za Sentigredi. Maji yenye sukari hayagandi hapo. Hungoja baridi kali zaidi. Tena yanapoanza kuganda, maji ndiyo yageukayo barafu, na sukari husukumwa kando, ikabaki katika maji yaliyosalia. Maji hayo yaliyosalia huzidi kuwa matamu, na kadiri yanavyozidi kuwa matamu ndivyo yanavyozidi kukataa kuganda. Kwa hiyo hata katika friza yenye digrii 18 chini ya sifuri, imo sehemu ya maji ambayo haikuganda, na hiyo ndiyo ifanyayo aiskrimu ikatike kwa kijiko. Ukiipunguza sukari, unaliongeza jiwe.

Maziwa mazito matamu yanafaa sana kwa kazi hii. Mmarekani Gail Borden ndiye aliyepewa hataza ya kuyafanya maziwa kuwa mazito kwa namna ya kuondoa hewa, mwaka 1856. Sehemu kubwa ya maji yake imekwisha kuondolewa kiwandani, na karibu nusu ya uzito wake ni sukari. Maana yake ni kwamba maji ya kugeuka barafu ni machache tangu mwanzo.

Krimu nayo ina kazi mbili. Mafuta yake huzuia chembe za barafu zisikue na kukwaruza ulimi. Tena ikipigwa hushika hewa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo iletayo wepesi. Mashine za aiskrimu huingiza hewa kwa kuzunguka wakati wa kugandisha. Sisi tusio na mashine huiingiza kwanza, kisha tukagandisha. Ndiyo sababu krimu isikorogwe kwa nguvu baada ya kupigwa, maana hewa ikitoka hairudi.

HATUA ZA KAZI

Kwanza, tayarisha embe. Menya, ponda, na chuja mpaka upate gramu 300 za rojo. Liweke katika sufuria juu ya moto mdogo, ukikoroga, mpaka libaki gramu 200. Usiiache hatua hii kwa uvivu. Embe ni maji mengi, na maji hayo ndiyo yatakayokuwa vipande vya barafu vya kugonga meno. Tia maji ya ndimu, acha lipoe, kisha weka katika jokofu.

Pili, changanya kakao na sukari katika bakuli, tia vijiko vitatu vya mezani vya maji yanayochemka, ukoroge mpaka uwe ujiuji mzito usio na madonge. Uache upoe kabisa.

Tatu, kaanga nazi katika kikaango kikavu, bila ya mafuta, mpaka inukie na kugeuka rangi kidogo. Iache ipoe. Usitumie nazi mbichi, maana ina maji.

Nne, saga biskuti, changanya na siagi iliyoyeyushwa. Tandika karatasi ya nailoni ndani ya chombo, na ncha zake zitokeze nje pande zote, ili baadaye uweze kuiinua aiskrimu nzima. Mimina biskuti, zishindilie kwa mgongo wa kijiko, na weka katika friza kwa dakika 20.

Tano, fanya tabaka la embe. Chukua krimu mililita 200, ikiwa baridi, katika bakuli baridi. Ipige mpaka, ukiinua kipigio, ncha ya krimu isimame na kuinama kidogo. Hapo acha. Ukiendelea itakuwa siagi, wala hapana njia ya kuirudisha. Katika bakuli jingine changanya maziwa matamu gramu 130 na embe lililopoa. Kisha tia krimu humo kwa mafungu matatu, ukigeuza taratibu kutoka chini kwenda juu. Mimina juu ya biskuti, sawazisha, funika, na urudishe katika friza.

Sita, ngoja. Hatua hii ndiyo iliyonishinda mimi mara ya kwanza. Tabaka la embe hutaka saa moja mpaka saa moja na nusu. Liguse kwa ncha ya kijiko; kijiko kikizama, bado. Tabaka la pili likimiminwa juu ya la kwanza lisiloshika, huzama kwa uzito wake na rangi zikachanganyika. Mzee alisema: "Usitazame saa, tazama kijiko." Wala usipige krimu ya matabaka yote kwa wakati mmoja, maana itakayongojea itanywea. Piga kila tabaka kwa wakati wake.

Saba, fanya tabaka la nazi kwa namna ile ile: krimu mililita 200, maziwa matamu gramu 130, nazi iliyokaangwa na vanila. Ngoja tena.

Nane, fanya tabaka la kakao: krimu mililita 200, maziwa matamu gramu 130, na ule ujiuji wa kakao uliopoa. Ukiwa wa moto utaiyeyusha krimu, na tabaka lililo chini yake pia. Funika vizuri karatasi igusane na aiskrimu, ili isinuse harufu ya samaki au vitunguu vilivyomo katika friza. Acha usiku kucha, isipungue saa nane.

Siku ya kula, ihamishe kutoka friza kwenda jokofu dakika 15 kabla. Iinue kwa ncha za nailoni, uiweke juu ya ubao. Chovya kisu katika maji ya moto, ukipanguse, ukate vipande vya unene wa vidole viwili. Fanya hivyo kwa kila kipande. Itakayosalia irudishwe mara moja, kabla haijalainika.

ASIYE NA FRIZA

Asiye na friza asikate tamaa. Achukue mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana, wa lita moja, na vipimo vyote avipunguze kuwa nusu. Apate ndoo kubwa, aijaze barafu iliyopondwa, na kila kilo tatu za barafu atie kilo moja ya chumvi ya mawe.

Chumvi hufanya nini? Huilazimisha barafu iyeyuke hata ikiwa chini ya digrii sifuri. Lakini barafu haiwezi kuyeyuka bila ya kuchukua joto, nayo hulichukua katika kitu kilicho karibu, yaani ule mkebe wetu. Mchanganyiko wa barafu na chumvi waweza kushuka mpaka karibu na digrii 21 chini ya sifuri, baridi inayopita ile ya friza ya nyumbani. Mashine ya Nancy Johnson ya mwaka 1843 ilifanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Zungusha gunia au blanketi kuukuu nje ya ndoo ili joto lisiingie. Maji ya chumvi yakijaa yamwage, uongeze barafu na chumvi. Kila tabaka lingoje mpaka lishike, kama tulivyoeleza. Angalia mambo mawili: maji ya chumvi yasifike kwenye kifuniko, na barafu ya ndoo isiguse chakula kamwe, maana barafu iuzwayo kwa kuhifadhia samaki haikutengenezwa kwa kuliwa. Aiskrimu ya ndoo iliwe siku ile ile.

BARIDI HAIUI VIJIDUDU

Sasa twafika kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote. Watu wengi husema, "Kimeganda, kimekuwa salama." Sivyo. Baridi ya friza huwalaza vijidudu, haiwaui. Chakula kikiyeyuka, huamka wakaendelea na kazi yao. Katika joto la kati ya digrii 5 na 60 huongezeka, na wengine, wakipata joto na chakula cha kuwafaa, huwa maradufu kila baada ya dakika 20 hivi.

Hatari hii si ya kukisia. Katika miezi ya Septemba na Oktoba mwaka 1994 watu wengi sana waliugua kuhara na homa nchini Marekani baada ya kula aiskrimu ya kiwanda kimoja. Wachunguzi waliona kwamba mchanganyiko wake ulikuwa umechukuliwa na magari ya matangi ambayo kabla ya hapo yalichukua mayai mabichi, yenye vijidudu viitwavyo salmonela. Mchanganyiko ulikuwa umepashwa moto wa kuua vijidudu kabla ya safari, lakini haukupashwa tena baada yake. Na kugandishwa hakukusaidia kitu. Walikadiria kuwa watu 224,000 waliugua.

Kwa hiyo zishike kanuni hizi:

Usitie mayai mabichi. Mapishi mengi ya zamani yana viini vya mayai. Haya ya Mzee hayana, naye aliviacha kwa makusudi.

Tumia krimu iliyokwisha kupashwa moto kiwandani. Ikiwa ni krimu ya ng'ombe wako mwenyewe, itie katika chombo ndani ya sufuria ya maji ya moto, uidumishe katika digrii 66 kwa dakika 30, ukipima kwa kipimajoto. Kisha ipoze haraka, uiweke katika jokofu usiku kucha. Ikiwa na joto haitapigika.

Osha mikono kwa sabuni, na vyombo vyote kwa maji ya moto.

Na umeme ukikatika, usiifungue friza. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hutunza baridi kwa muda wa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Aiskrimu iliyoyeyuka isigandishwe tena. Imwagwe.

Kanuni hii ya mwisho nimeijua kwa gharama. Pasaka iliyofuata niliitengeneza tena aiskrimu, safari hii kwa vipimo sahihi, na Mzee mwenyewe alikuwa miongoni mwa wageni tuliowaalika. Usiku umeme ukakatika. Friza yetu ni ndogo, ndani yake palikuwa na kitu hicho kimoja tu, na watoto walikuwa wameifungua mara kwa mara kuchungulia. Asubuhi umeme ulikuwa umerudi, lakini chomboni mlikuwa na uji wa rangi tatu, wenye uvuguvugu. Mke wangu alisema, "Tuigandishe tu, bado kuna saa sita." Nami nilikuwa karibu kukubali. Nilimpigia Mzee simu.

"Imeyeyuka yote?" akauliza.

"Yote, Mzee."

"Ukiigusa ni ya baridi au ya vuguvugu?"

"Ya vuguvugu."

"Basi mwaga."

"Mzee, ile krimu ni ya fedha nyingi."

"Krimu hununuliwa tena, mwanangu. Una mtoto mchanga humo ndani."

Tuliimwaga. Wageni walikula maembe matupu siku ile, na hapana aliyeugua. Yafaa tukumbuke kwamba watoto wadogo, wajawazito, wazee na wagonjwa ndio wanaodhuriwa zaidi na vijidudu hawa, nao ndio wanaopewa aiskrimu kwa upendo zaidi kuliko wengine.

ANDIKENI MAPISHI YA WAZEE

Majuma mawili baadaye niliirudia kazi, nikampelekea Mzee kipande kikubwa, nimekifunga katika nailoni na gazeti ndani ya kikapu. Hakuweza kuziona rangi zake vizuri. Alikula polepole, tabaka baada ya tabaka, kisha akasema, "Embe limezidi kidogo kupikwa. Lakini ndiyo yenyewe." Mke wa Mzee akaniomba karatasi ya vipimo, maana katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuambiwa zaidi ya "embe la kutosha."

Bila shaka wasomaji wengi wanaye mzee wa namna hiyo: mama ajuaye kuvundika, bibi ajuaye kukausha mboga, rafiki wa baba aliyekuwa mpishi au mwokaji. Wapishi hao hupima kwa kikombe chao, kiganja chao na jicho lao, na siku watakapoondoka vipimo hivyo vitaondoka nao. Neno "kiasi cha kutosha" halimsaidii mtu asiyejua kiasi. Basi anayempenda mzee wake na amwendee angali yupo, achukue mizani, kalamu na karatasi, akipime kikombe chake kwa maji, na amwulize pia sababu ya kila afanyalo. Mwenye kipimo na sababu ataweza kuyafanya mapishi hayo mwenyewe, na kuwafundisha watoto wake bila ya kuwadhuru.